Vipele vya Surua ni Nyayo za Askari wa Mwili

Katika vijiji vya bonde la Ziwa Rukwa wazazi wengi wanaijua surua. Mtoto huanza kwa homa kali, mafua, kikohozi, na macho mekundu yanayotoa machozi. Baada ya siku tatu au nne hutokwa na vipele vidogo, kwanza nyuma ya masikio na usoni, halafu shingoni, kifuani na mwisho miguuni. Wazee wakiona hivyo husema, "Surua imetoka." Vipele vikichelewa huingiwa na hofu na kusema, "Surua imebaki ndani, itamwua mtoto."

Maneno hayo yana ukweli na yana kosa. Ukweli ni kwamba mtoto wa surua asiyetoka vipele huenda yumo katika hatari kubwa. Kosa ni kudhani kwamba vipele ndivyo ugonjwa wenyewe unaotoka nje, na kwamba kuna dawa ya kuuvuta utoke. Vipele si ugonjwa unaotoka. Vipele ni alama za mapigano. Ni nyayo za askari wa mwili wanaowaua virusi wa surua ndani ya ngozi.

Askari hao huitwa chembe T. Katika somo la leo tutajifunza wanatoka wapi, wanaamshwaje, na kwa nini kuamka kwao huchukua siku nyingi. Ukiyaelewa hayo utaelewa pia kwa nini mtoto wa Ivuna huchanjwa surua mara mbili, na kwa nini kuikosa mara ya pili ni jambo la hatari.

Adui anayejificha ndani ya nyumba

Mwili wa mtu umejengwa kwa chembe hai nyingi mno, kama kijiji kilivyojengwa kwa nyumba nyingi. Virusi ni vidogo kuliko chembe hizo, hata darubini ya kawaida ya zahanati haiwezi kuvionyesha. Tena haviwezi kuzaana vyenyewe. Ni lazima viingie ndani ya chembe hai, viigeuze mtumwa, viilazimishe kutengeneza virusi wengine. Chembe hiyo ikichoka au ikipasuka, virusi wapya hutoka na kuingia nyumba za jirani.

Ndiyo maana dawa za antibiotiki, zinazoua bakteria, haziui kirusi cha surua. Mganga akimpa mtoto wa surua dawa hizo, ni kwa sababu bakteria nao wamempata, labda katika mapafu au masikio.

Mwili una silaha iitwayo kingamwili. Kingamwili huelea katika damu na kuwanasa virusi walioko njiani. Lakini adui akishaingia ndani ya chembe na kufunga mlango, kingamwili hazimfikii. Hapo panahitajika askari wa kukagua nyumba kwa nyumba. Kazi hiyo ndiyo ya chembe T.

Askari hawa wanatoka wapi?

Chembe T ni aina mojawapo ya chembe nyeupe za damu. Huzaliwa katika uboho, yaani ute ulio ndani ya mifupa. Wakiwa bado wachanga husafiri hadi kwenye tezi iitwayo thimasi, iliyo kifuani nyuma ya mfupa wa kidari, juu kidogo ya moyo. Herufi T imetokana na jina la tezi hiyo. Kwa miaka mingi wataalamu hawakujua kazi yake. Mwaka 1961 mtaalamu Jacques Miller, akifanya kazi London, alionyesha kwamba panya walioondolewa thimasi wangali wachanga walikosa kinga na kushindwa na maradhi.

Thimasi ni kambi ya mafunzo, na mtihani wake ni mgumu. Askari asiyeweza kusoma alama za mwili wake mwenyewe hufukuzwa. Askari anayetaka kuushambulia mwili wake mwenyewe naye hufukuzwa. Katika kila chembe 100 zinazoingia mafunzoni, zinazofuzu hazizidi 5 hivi. Nyingine zote hufa humo humo.

Waliofuzu hutawanywa mwilini. Kila mmoja ana kipokezi chake, na kipokezi hicho kinatambua alama ya namna moja tu. Huyu anatambua kipande cha kirusi cha surua, yule cha mafua, mwingine cha ugonjwa ambao huenda mtu hataupata maisha yake yote. Kwa hiyo katika mtoto ambaye hajapata surua wala chanjo, askari wanaoijua alama fulani ya surua ni wachache mno. Pengine ni mmoja katika laki moja, au hata mmoja katika milioni. Tena wamelala.

Tarishi apeleka habari

Tuseme mtoto yuko mnadani pamoja na mama yake. Karibu yao yupo mtoto mwingine anayekohoa. Kirusi cha surua husafiri kwa hewa, na hata mgonjwa akishaondoka chumbani kinaweza kubaki hewani kwa muda wa saa mbili. Mtoto wetu anakivuta kwa pumzi. Nani atampasha habari yule askari mmoja katika laki moja?

Kazi hiyo hufanywa na chembe nyingine zenye matawi matawi kama mizizi, zilizotapakaa katika ngozi, pua, koo na mapafu. Ziligunduliwa na Ralph Steinman na Zanvil Cohn huko Marekani mwaka 1973. Sisi tuziite matarishi. Tarishi humeza takataka na vijidudu anavyovikuta, huvikatakata, kisha hushika njia kwenda kwenye tezi iliyo karibu.

Tezi hizi si ile thimasi. Ni zile zilizopo shingoni, makwapani na kwenye kinena. Umewahi kujikata mguu shambani, ukaota mtoki kwenye kinena? Mtoki ni tezi iliyovimba kwa sababu habari ya kidonda imefika huko na askari wanakusanyika. Tezi ni kama ofisi ya kijiji ambako matarishi wote huleta barua, na askari wote hupita kuzisoma.

Surua ina ujanja wake. Kirusi chake huweza kumwingia tarishi mwenyewe na kupanda mgongoni mwake hadi kwenye tezi. Huko huzaana miongoni mwa chembe nyeupe kabla hazijajipanga. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza kuna mashindano ya mbio. Adui anazaana, na askari wanaamshwa. Uhai wa mtoto hutegemea sana nani atatangulia.

Barua bila muhuri haifanyiwi kazi

Askari haamki kwa kelele tu. Ni lazima apate mambo matatu.

La kwanza ni ushahidi. Tarishi huchukua kipande cha kirusi na kukiweka juu ya kibao kilicho mlangoni pake. Kila chembe ya mwili ina vibao vya namna hiyo, na vibao vya mtu mmoja hutofautiana na vya mtu mwingine. Askari husoma mambo mawili kwa pamoja: kipande cha adui na kibao cha mwili wake mwenyewe. Jambo hili lilionyeshwa mwaka 1974 na Rolf Zinkernagel na Peter Doherty huko Canberra, Australia, na mwaka 1996 walipewa Tuzo ya Nobel kwa ajili yake.

La pili ni muhuri. Sote tunajua kwamba barua isiyo na muhuri haifanyiwi kazi ofisini. Vivyo hivyo, tarishi aliyeona dalili za hatari huotesha alama nyingine juu ya ngozi yake, na alama hiyo ndiyo muhuri. Askari akiona ushahidi bila muhuri haamki. Mara nyingi hulazwa kabisa asiamke tena. Kwa nini mwili una tahadhari namna hii? Kwa sababu jeshi likiamshwa ovyo linaweza kuua wenyeji. Aina ya kisukari inayowapata zaidi watoto na vijana hutokea pale chembe T zinapoziharibu chembe za kongosho zinazotengeneza insulini.

La tatu ni amri. Tarishi hutoa kemikali zinazomweleza askari awe wa namna gani: wa kupambana na virusi, au na minyoo, au na bakteria.

Ushahidi, muhuri na amri vikikamilika, askari ameamka.

Kwa nini siku nyingi hivyo?

Askari mmoja hawezi kushinda vita. Akishaamka hujigawa wakawa wawili. Wawili huwa wanne, wanne huwa wanane. Chukua kalamu uhesabu mwenyewe. Baada ya kujigawa mara 10 mmoja huwa 1,024. Baada ya mara 15 huwa 32,768. Kazi hii huanza polepole, kisha huenda kasi, na jeshi kamili hupatikana baada ya wiki moja au zaidi. Uchovu, homa na kuvimba kwa tezi katika siku hizo ni sehemu ya kazi hiyo.

Askari waliozaliana wako wa aina mbili kubwa. Wa kwanza ni wasaidizi, ambao wataalamu huwapa jina la CD4. Hao ni makamanda. Huwatia nguvu askari wengine na kuzisaidia chembe zinazotengeneza kingamwili. Wa pili ni wauaji, waitwao CD8. Hao hutoka kwenye tezi, huingia katika damu, hupita mapafuni na chini ya ngozi wakikagua kibao cha kila chembe. Wakikuta kipande cha surua juu ya kibao, hutoboa ukuta wa chembe hiyo na kuingiza kemikali zinazoifanya ijiue, pamoja na virusi waliomo. Nyumba moja hubomolewa ili kijiji kipone.

Hapa tunaelewa pia ubaya wa VVU. Kirusi hicho huwavamia makamanda wenyewe, wale CD4. Makamanda wakipungua, wauaji hawapati msaada na kingamwili bora hazitengenezwi, hata magonjwa madogo humwangusha mtu. Katika nchi yetu wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na dawa za kupunguza makali ya VVU zilianza kutolewa bure katika mpango wa taifa mwaka 2004. Mtu anayezimeza kila siku bila kukosa huwalinda makamanda wake, nao huongezeka tena.

Nyayo za askari

Sasa turudi kwa mtoto wetu. Kwa muda wa siku 10 hivi tangu avute kirusi kile haonekani mgonjwa. Kisha homa na kikohozi huanza. Karibu siku ya 14 jeshi la chembe T linafika katika ngozi na kuzishambulia chembe zilizoingiliwa na virusi kuzunguka mishipa midogo ya damu. Mahali wanapopigana ngozi huvimba na kutoka vipele. Katika ngozi nyeusi vipele huweza kuonekana kama ukavu na ukwaruzo tu, na baadaye ngozi huwa nyeusi zaidi na kubambuka.

Je, kuna uthibitisho? Ndiyo. Wako watoto wachache wanaozaliwa bila uwezo wa kutengeneza kingamwili, lakini chembe T wanazo. Wakipata surua hutoka vipele na kwa kawaida hupona. Wale wasio na chembe T za kutosha huweza kuugua surua bila vipele, na virusi hushambulia mapafu mpaka kufa. Basi wazee hawakukosea kuogopa. Walichokiona ni kweli. Lakini mtoto asiyetoka vipele hahitaji dawa ya kuvuta surua nje. Jeshi lake ni dhaifu, labda kwa utapiamlo mkubwa au kwa VVU, naye anahitaji kufikishwa kwa mganga upesi.

Bibi akisema, "Mwanangu, tumfunike sana na tumnyweshe dawa ili surua itoke," mjibu kwa adabu, "Mama, nimekusikia, na mimi pia naogopa. Lakini vipele havivutwi kwa dawa. Twende zahanati, na wewe utusindikize." Bibi akienda nawe, wengine kijijini watafuata mfano.

Yafuatayo ni mambo ya kufanya mtoto akiwa na surua:

1. Mpeleke zahanati au kituo cha afya. Ukifika tu, mwambie mhudumu kwamba unashuku surua, ili mtoto asikae pamoja na wengine. Mgonjwa huambukiza tangu siku nne kabla ya vipele hadi siku nne baada ya vipele kutokea.

2. Usimnyime chakula wala maji. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya. Jeshi linalozaliana kwa maelfu linahitaji chakula.

3. Usimtie machoni dawa ya majani, mkojo, wala maziwa. Watoto wengi katika Afrika walipofuka kwa sababu ya surua pamoja na dawa kama hizo.

4. Hakikisha amepewa vitamini A zahanati. Vitamini hii hulinda macho na hulisaidia jeshi la mwili. Katika hospitali ya Mvumi, mkoani Dodoma, watoto 180 waliolazwa kwa surua walifuatiliwa, na matokeo yakachapishwa mwaka 1987. Kati ya 88 waliopewa vitamini A walikufa 6. Kati ya 92 ambao hawakupewa walikufa 12.

5. Rudi mbio ukiona anapumua haraka au kwa shida, anashindwa kunywa au kunyonya, anatapika kila kitu, anapatwa na degedege, amelegea sana, au kioo cha jicho kimekuwa na ukungu.

Daftari la kumbukumbu

Vita vikiisha, jeshi kubwa halina kazi tena. Askari tisa katika kila kumi, au zaidi, hufa. Wanaobaki ni wenye kumbukumbu. Hao hukaa miaka mingi wakizunguka mwilini. Adui yule yule akirudi hawangoji wiki nzima. Huamka upesi, huwa wengi upesi, na mara nyingi mtu hajui hata kama aliingiliwa.

Mfano mashuhuri ni wa visiwa vya Faroe, katika bahari ya kaskazini mwa Ulaya. Mwaka 1846 surua iliingia huko, na katika watu wasiofika 8,000 waliugua karibu 6,000. Daktari kijana aitwaye Peter Panum alitumwa kuchunguza. Alikuta kwamba wazee waliokuwa wameugua surua mwaka 1781 hawakuugua tena, ingawa ilikuwa imepita miaka 65. Miili yao haikusahau.

Mtu atauliza, "Basi si afadhali mtoto augue surua apate kinga hiyo?" Hapana, hata kidogo. Kwanza, surua huua. Pili, surua huchoma daftari. Kirusi chake huziingia na kuziua zile chembe zenye kumbukumbu za magonjwa mengine. Mwaka 2019 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi wa watoto wa Uholanzi ambao hawakuchanjwa. Baada ya kuugua surua walikuwa wamepoteza kati ya sehemu 11 na sehemu 73 katika kila 100 za aina za kingamwili walizokuwa nazo. Ndiyo maana mtoto aliyepona surua huonekana akiugua kichomi na kuhara miezi mingi baadaye. Jeshi linaikumbuka surua, lakini limesahau mengine.

Chanjo ni mazoezi ya jeshi

Chanjo ya surua ina kirusi cha surua kilicho hai lakini kilichodhoofishwa. Kinatosha kumpa tarishi ushahidi, muhuri na amri, lakini hakina nguvu ya kumwangusha mtoto mwenye afya. Ni kama mazoezi ya mgambo: askari huamka, huzaliana na kuweka kumbukumbu, bila vita vyenyewe. Baadhi ya watoto hupata homa ndogo kiasi cha siku 7 hadi 12 baada ya sindano. Usishangae, kwani umeshajifunza kwamba kuamka huchukua wiki hivi. Homa ikiwa kali au ikiendelea, mpeleke zahanati, kwa sababu huenda ni malaria.

Mpango wa taifa wa chanjo ulianza nchini mwaka 1975. Tangu mwaka 2014 chanjo ya surua hutolewa pamoja na ya rubela katika sindano moja. Mtoto huipata akiwa na miezi 9, na tena akiwa na miezi 18.

Kwa nini miezi 9? Kwa sababu mtoto huzaliwa na kingamwili alizopewa na mama yake. Hizo humlinda mwanzoni, lakini pia huweza kuinasa chanjo kabla haijamfikia tarishi. Yafaa zipungue kwanza.

Kwa nini mara mbili? Kwa sababu katika watoto 100 wanaochanjwa wakiwa na miezi 9, jeshi huamka sawasawa katika 85 hivi. Waliobaki 15 wana alama kwenye kadi lakini hawana askari. Huwezi kuwatambua kwa macho. Sindano ya pili huwaamsha wengi wao. Mama anayeiacha sindano ya miezi 18 hajui kama mtoto wake yumo katika wale 85 au katika wale 15.

Chanjo hii hufa kwa joto. Hutunzwa katika ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, na ikishachanganywa na maji yake haifai kutumiwa baada ya saa 6. Chanjo iliyokufa haimwamshi askari vizuri. Kwa hiyo mhudumu akikuambia, "Mama, njoo kesho asubuhi na wenzako," usidhani anakusumbua. Anataka chupa ikifunguliwa iwatumikie watoto wengi ikiwa bado nzima.

Ivuna ni njia panda

Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilitufundisha kuchimba vyoo na kusafisha mazingira. Mafunzo hayo bado ni ya lazima. Lakini surua haizuiwi na choo, kwa kuwa husafiri kwa hewa. Mgonjwa mmoja huweza kuwaambukiza watu 12 hadi 18 wasio na kinga. Ili isipate njia, inatakiwa watoto 95 katika kila 100 wawe wamechanjwa mara zote mbili.

Ivuna tangu zamani ni mahali pa kukutana watu. Kwa karne nyingi watu wamechemsha chumvi ya chemchemi zake, na wageni wamekuja kuitafuta. Wako wavuvi wanaohama kufuata samaki wa Ziwa Rukwa. Wako wafugaji wanaohama na ng'ombe kutafuta malisho. Wako wanaopanda mlima kwenda kufanya biashara Tunduma, ambako watu wa nchi nyingi hupita. Safari hizo ni riziki yetu. Lakini pia ni safari za surua. Mwishoni mwa mwaka 2022 surua ilizuka Mpimbwe, mkoani Katavi, katika upande wa pili wa ziwa hili hili, na watoto wakafa.

Mtoto wa kambini anaweza kupata sindano ya kwanza mahali pamoja, na siku ya sindano ya pili inapofika yuko mbali. Basi familia inayohama ihame na kadi ya kliniki. Zahanati yoyote ya serikali inaweza kumpa sindano iliyobaki. Kama mtoto amepitisha umri usimfiche kwa aibu, mpeleke. Kuchelewa si sawa na kukosa kabisa. Nanyi viongozi wa vitongoji, siku ya huduma ya mkoba ikitangazwa, pelekeni habari hadi kambi za wavuvi na maboma ya wafugaji.

Ndugu msomaji, jeshi la mtoto wako tayari limo mwilini mwake. Halinunuliwi, na halivutwi kwa dawa. Linahitaji kuamshwa kabla adui hajafika. Leo jioni fungua kadi ya mtoto wako uitazame miezi 9 na miezi 18. Kama pana nafasi tupu, umeshajua la kufanya.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kwa nini kingamwili peke yake haziwezi kumwondoa kirusi aliyekwisha kuingia ndani ya chembe?

2. Taja mambo matatu yanayohitajika ili chembe T iamke. Ingekuwaje kama jeshi lingeamka bila muhuri?

3. Chembe T moja ikijigawa mara 12, zitakuwa ngapi?

4. Mzee mmoja anasema surua isipotoka nje humwua mtoto. Mtamjibu nini juu ya ukweli na kosa la maneno hayo?

5. Hesabuni watoto wa kitongoji chenu walio na umri wa zaidi ya miezi 18 na chini ya miaka 5. Wangapi wana sindano zote mbili kwenye kadi zao? Waliobaki mtawafikishaje zahanati, na lini?